Sentensi Isiyo na Kosa

Kila mwaka mvua zikikaribia kwisha, wanafunzi wananiletea mwanzo wa dunia. Mmoja anataka kuandika juu ya bei ya mchele kati ya Kibombo na Kindu, lakini anaanza na Adamu. Binadamu, anasema, tangu zama za kale, popote alipo, amekuwa akihitaji chakula. Mimi nachukua biki, kalamu yangu nyekundu, nafuta Adamu, nafuta zama za kale, nafuta Wagiriki na Warumi ambao sijui nani aliwaalika Kindu, na nakwenda mbali sana kabla sijaona punje ya mchele. Wananichukia kwa hilo. Wamenipa jina la utani, nalijua, linahusu panga. Waache waseme.

Nafundisha namna ya kuandika kazi ya mwisho wa masomo katika chuo kimoja hapa mjini Kindu. Kazi hizo zinaandikwa kwa Kifaransa, na Kifaransa chetu cha chuo ni kama suti ya kuazima: kila mtu anaivaa siku yake, na haimkai mtu. Njaa inaitwa upungufu wa mahitaji ya lishe. Mtu aliyefukuzwa shambani kwake anaitwa mhusika wa uhamaji usio wa hiari. Ukimuuliza mwandishi mwenyewe, uso kwa uso, "Hapa unataka kusema nini?" anakujibu kwa Kiswahili kizuri kabisa, maneno machache, na kila kitu kinaeleweka. Namwambia basi andika hivyo hivyo. Ananiangalia kana kwamba nimemwambia aje kuitetea kazi yake mbele ya walimu akiwa amevaa nguo za kulala.

Kwa hiyo nimejizoeza kuandika pembeni mwa kila ukurasa maswali yale yale: nani, wapi, kwa nini. Sikuyapata kwa profesa yeyote. Niliyapata kwenye foni, wakati wa vita.

Walio vijana hawaijui foni. Ilikuwa mashine ya redio, na antena yake waya uliofungwa kwenye mti, ya kusemea na watu wa miji mingine, maana simu za mkononi hazikuwepo. Mjomba wangu alikuwa na moja katika chumba kidogo karibu na stesheni ya treni, ingawa treni yenyewe ilikuwa imeacha kuja. Mji ulikuwa umefungwa. Wenye bunduki walikuwa mjini, wenye bunduki wengine walikuwa porini, na sisi katikati. Ukienda shambani, wa porini walisema umetumwa na wa mjini. Ukirudi, wa mjini walisema umetoka kuwalisha wa porini. Muhogo ulioza ardhini, mahali ambapo zamani mwanamke alikwenda asubuhi na kurudi mchana, na watoto walikufa mjini kwa kukosa huo muhogo. Chuo kilifunga milango. Mimi nilikuwa mwanafunzi asiye na masomo na mwenye tumbo, mjomba akanipa kazi.

Kazi yangu ilikuwa kukaa na watu kwenye benchi kabla ya zamu yao. Mashine ilikula betri ya gari, na betri ilitegemea jua, na jua la huku Maniema wakati wa mvua halina ahadi. Sasa sisi watu wa huku hatuingii katika neno moja kwa moja. Lazima usalimie. Lazima uulize habari ya nyumba, ya wazee, ya watoto wa kila mmoja, na huyo wa upande wa pili naye lazima akuulize hayo hayo, na mkimaliza ndipo mnakohoa kidogo na kusema, basi, kuna kaneno. Kaneno kenyewe kalikuwa hakafiki. Salamu zilikula betri ya mjomba kuliko vita.

Basi niliwauliza mmoja mmoja: "Mama, kama mashine inakata sasa hivi, yule wa kule lazima awe amesikia nini?" Wengi walikasirika. Mzee mmoja aliniambia, "Weye kijana, kwenu hamusalimiane?" Lakini walifikiri, na mara nyingi nilishangaa kuona kilichobaki. Mtu aliyekaa asubuhi nzima akinung'unikia mambo ya shemeji na paa linalovuja, ukimbana, alikuwa na neno moja tu: "Tuko wazima." Au: "Usiuze kiwanja." Nilijifunza kwamba watu wanalijua neno lao. Wanalizunguka kwa heshima, au kwa hofu, na kwa nje huwezi kutofautisha.

Siku moja alikuja mama mmoja, bado kijana, pamoja na kaka mkubwa wa mume wake. Walikuwa wamezika mtoto wake wa kiume jana yake. Homa au njaa, siku zile ilikuwa vigumu kusema hii inaishia wapi na ile inaanzia wapi. Mume alikuwa Kibombo. Alikwenda kutafuta mchele kabla njia hazijafungwa, akabaki huko huko. Walikuwa pia na binti mdogo, lakini huyo alikuwa kwa bibi yake ng'ambo ya mto, hata mazishi hakuyaona.

Nilimwuliza swali langu. Hakukasirika. Alisema polepole, kama mtu anayehesabia wengine chakula: mtoto amekufa, tumezika, usije, njia ni mbaya. Nikamwambia ni sawa kabisa, aseme hivyo hivyo. Ndipo shemeji yake akaingilia.

"Hapana," alisema. "Muntu haambiwe kifo ya mutoto wake ndani ya mashini, amesimama katikati ya watu hawajui. Atakaa chini, tutamushika mikono, njo tutamuambia. Sasa mwambie mutoto iko mugonjwa sana. Inatosha."

Mjomba alivua visikio vya mashine. "Baba, akisikia mugonjwa, atakuja. Na njia iko mubaya."

"Atakuja na nini? Njia imefungwa. Atangoja kule. Lakini moyo wake utaanza kujitayarisha."

Sitaki mtu amcheke mzee yule. Huku kwetu ndivyo tunavyofanya mpaka leo. Mtu akifiwa akiwa mbali, anaambiwa njoo, mgonjwa amezidiwa. Anasafiri na tumaini lake, na akiona umati uani anaelewa mwenyewe, na tayari kuna mikono ya kumdaka. Ni desturi ya huruma. Ilitengenezwa na watu waliokuwa na njia za kupita.

Yule mama aliishika mashine. Nilisikia mume wake akiitika kutoka Kibombo, sauti ikitatarika kama mafuta ya kukaangia. Akasema, "Mutoto iko mugonjwa sana."

Kisha mume akasema, "Ninakuja."

Mama alifungua mdomo. Alimwangalia shemeji yake. Kule Kibombo mwenye mashine alikuwa ameshamwita mtu mwingine.

Mume alifuata reli. Hakufika. Habari ililetwa na foni ile ile, na mtu wa Kibombo, ambaye alikuwa na kinywa kikavu, hakuzunguka: yule bwana wa mtoto mgonjwa ameuawa kwenye reli, waliomwona wamemfukia hapo hapo, mwambieni mke wake. Ni wa mjini au wa porini waliomuua, hakuna aliyejua, na waliojua hawakusema. Mjomba alivaa shati lake safi akaenda mwenyewe kumwambia. Aliporudi hakufungua mashine tena siku hiyo, na mimi nilikaa kwenye benchi nikiwa na hasira ambayo sikujua nimpe nani. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Mimi tangu siku hiyo methali hiyo hainichekeshi.

Vita viliisha kwa namna vinavyoisha, yaani watu walianza kwenda shambani tena na kurudi. Nilimaliza masomo, nikawa mwalimu, nikaanza kufuta Adamu. Watu wakiniuliza kwa nini nina ukali hivyo juu ya maandishi ya watoto wa watu, huwa nasema ni tabia yangu tu, mama yangu naye alikuwa mkali.

Miaka michache iliyopita nilipewa kusimamia kazi ya mwanafunzi mmoja, mwanamke aliyekuwa tayari anafundisha shule ya msingi upande wa Pangi. Alikuja kwa pikipiki, kwa njia ile mbovu, matope mpaka magotini, na kazi yake ameifunga ndani ya plastiki ya kubebea chumvi ili isilowe. Nilimpenda kwa ile plastiki. Somo lake lilikuwa namna habari za kifo zilivyopelekwa na kupokelewa Maniema wakati wa vita. Somo zuri, na hakuna mwingine aliyelifikiria. Lakini alianza na tarumbeta za Misri. Akapita kwa njiwa wa kupeleka barua. Akaeleza, kwa kurasa na kurasa, kwamba mawasiliano ni uti wa mgongo wa jamii zote.

Nilifuta kama ninavyofuta. Alikuwa mwepesi wa kuelewa, kila aliporudi kazi ilikuwa nyembamba na nzuri zaidi, na tulianza hata kutaniana. "Mwalimu, leo umenibakizia nini?" "Nimekubakizia jina lako na tarehe." Alikuwa na kicheko cha mtu asiyecheka mara nyingi.

Kisha akaleta mifano. Alikuwa amewahoji watu wengi, na mifano yote ilikuwa safi isipokuwa mmoja. Huo mmoja ulikuwa ukungu mtupu. Uliandikwa hivi, nikiutoa kwenye Kifaransa chake: "Katika muktadha wa mwendo uliochochewa na mahitaji ya kifamilia, mhusika alikutwa na hali iliyokatisha uwepo wake kandokando ya miundombinu ya reli." Nilicheka peke yangu. Nikaandika pembeni kwa wino mwekundu: Nani? Alikwenda wapi? Kwa nini? Nikaendelea kusoma, nikaona Kibombo, nikaona mtoto mgonjwa, na kicheko kikanikauka.

Alipokuja nilimwuliza mhusika ni nani.

"Njo baba yangu," alisema.

"Na alitoka Kibombo kwa sababu gani?"

"Mama anasema alikuwa anakuja kuona mudogo wangu, alikuwa mugonjwa. Baba akauawa. Mutoto akasikia vile mama analia, akazidiwa, akakufa nyuma." Alisema hayo kwa utulivu, kama mtu anayetaja mtaa wake.

Nikaelewa kwamba mama alikuwa amegeuza mpangilio. Miaka yote hiyo alikuwa ameweka kifo cha baba mbele na cha mtoto nyuma, na kwa mpangilio huo hakukuwa na uongo wa mtu yeyote. Na mimi nilikuwa nimekaa pale na biki yangu nyekundu, najua ulivyokuwa mpangilio wenyewe. Ningefanya nini? Kumwambia mimi, mtu baki, juu ya meza ya chuo? Nilisema kile ambacho ningemwambia mwanafunzi yeyote: aliyetuma habari ya ugonjwa yuko hai, lakini sioni mahali ulipomhoji. Umewahoji watu wote wa Kindu isipokuwa yeye.

"Yeye ni mama yangu."

"Ni shahidi wako pia. Mwulize alichosema kwenye mashine. Maneno yenyewe."

Ulipita muda mrefu bila yeye kuja, nikadhani ameacha masomo. Aliporudi hakukaa.

"Ulikuwa unajua," alisema.

"Nilikuwa pale. Nilifanya kazi kwenye ile foni."

Nilingoja anitukane, na angekuwa na haki. Badala yake alikaa chini, akasema mama yake alimweleza yote, mchana, wakitwanga sombe, majani ya muhogo, bila kuacha kutwanga. Alimweleza kuhusu shemeji, kuhusu neno alilosema na lile ambalo hakulisema. Hakulia. Binti ndiye aliyelia. Niliona huruma kubwa juu yao wote wawili, na nilimwambia hivyo. Kisha nikamwambia aandike anavyoweza, nitasoma.

Ukurasa aliouleta baadaye ninaukumbuka wote. Mhusika alikuwa ameondoka, na muktadha, na miundombinu. Palikuwa na sentensi fupi, kila neno mahali pake: "Baba yangu aliuawa kwenye reli, akitoka Kibombo kwa miguu kuja Kindu kumwona mwanawe aliyekuwa mgonjwa."

Nilisoma, nikarudia. Nani, wapi, kwa nini. Katika miaka yangu yote ya kufundisha, hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniletea sentensi iliyo wazi kuliko hiyo. Mtoto wa darasa la nne angeielewa. Na haikuwa kweli.

"Mtoto alikuwa amekwisha kufa," nilimwambia.

"Ninajua, mwalimu."

"Kazi yako yote inahusu jambo hili. Kama si hili, tumekuwa tunafanya nini hapa?"

"Mwalimu, siku ya kujitetea mama ataikala mbele. Ndugu za baba watakuja, wote, ameshawaalika. Nitasoma mbele yao kwamba njo yeye alimuita baba kwa uongo? Watamuangalia je? Ataishi nao je?" Alikuwa ameshika ukingo wa meza yangu kwa mikono miwili. "Yule baba mukubwa, ule alimuambia aseme vile, alikwisha kufa. Mama njo amebaki peke yake. Kila kitu kitamuangukia yeye."

Nilikuwa na hasira. Kwa kweli nilitaka kumfokea, nimwambie kwamba baba yake aliuawa na sentensi hii hii, na sasa anaiandika kwa Kifaransa na kuipiga chapa. Lakini nilimwona yule mama kwenye benchi akihesabu maneno yake, na shemeji zake wakimgeukia ukumbini. Ni mama yake. Nilikuwa nani mimi? Niliweka sahihi.

Siku ya kujitetea ukumbi ulijaa. Ndugu za baba walikuwa wamejaza safu mbili, wanawake wamevaa kikwembe cha aina moja, na mama mwenyewe alikaa mbele kabisa, mkono wake juu ya mkoba. Amezeeka, lakini nilimtambua kwa jinsi anavyokaza midomo kabla ya kusikiliza. Binti alijitetea vizuri. Mwalimu mmoja wa jopo alilalamika kwamba lugha yake ni nyepesi mno kwa kazi ya chuo kikuu, haina uzito, na kwa mara ya kwanza nilimwacha aseme.

Chuoni kwetu, mwanafunzi akimaliza Kifaransa, anapewa nafasi aeleze kazi yake kwa Kiswahili, ili wazazi wasirudi nyumbani bila kujua walichopigia makofi. Wengi wanaitumia kushukuru tu. Yeye alieleza kweli, mfano kwa mfano. Alipofika kwa baba yake alimeza mate, akasema, "Baba yangu walimuua kwenye reli, akitoka Kibombo, anakuja kuona mutoto wake mugonjwa." Wanawake wa safu ya pili waliguna kwa uchungu. Mmoja alijifuta macho. Mama hakusogea, ila mkono uliokuwa juu ya mkoba ulifunguka na kubaki hivyo.

Walimpa alama nzuri. Nje wakaanza kummwagia poda kichwani na kupiga vigelegele, ngoma ikaletwa, na binti alikuwa mweupe kama aliyetoka kwenye mashine ya kusaga unga, anacheka. Mimi nilikuwa natafuta njia ya kuondoka. Mama alinikuta kwenye ngazi.

"Njo weye ulikuwa kwa foni," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Mutoto aliniambia weye njo ulimutuma aniulize. Nilifurahi. Miaka yote hii sikuwa na kinywa ya kuwaambia ndugu za bwana yangu. Nikasema, sasa kitabu itawaambia. Njo maana niliwaalika wote." Alikuwa akiongea chini chini, bila hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi kwangu. "Nilimuambia mutoto yote. Sikuficha hata kidogo. Sababu gani hamukuandika?"

Nilisema mama, tulitaka. Nilisema binti yako alikuwa. Sikumaliza hata moja. Alingoja, kwa adabu, aone kama nina neno.

Wakamwita kwa picha. Alishuka ngazi akirekebisha kikwembe chake, akasimama kando ya binti yake, na binti akampaka poda shavuni. Shemeji zake wakamzunguka. Mkubwa wao, mwanamke mnene mwenye sauti ya kanisani, alimshika mikono yote miwili akamwambia pole, mukaka yetu alipenda sana ule mutoto, alikufa kwa sababu yake. Mama alimwangalia. Kisha akainamisha kichwa, akaitikia, "Asante."